Figit, Kitalu cha Thirza

Mke wangu Thirza alikaa miezi minane juu ya rafu ya jikoni, kando ya kopo la majani ya chai. Sababu ni wivu wangu. Niseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Alifariki mwezi wa pili. Alitaka mwili wake uchomwe, ukachomwa, wakanipa majivu ndani ya mtungi wa bati wenye kifuniko. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono.

"Enoch," akasema, "ukanimwage Figit. Nenda wewe mwenyewe. Nimwage juu tu, usichimbe."

Nikamwambia sawa. Tulikuwa na miaka hamsini na miwili ya ndoa, na hilo ndilo jambo la mwisho aliloniomba. Sikulifanya. Kila asubuhi nilichemsha chai, nikamtazama pale kwenye rafu, nikasema kesho.

Figit ni kitalu cha nanaa. Kipo mwisho wa njia ya kurukia ndege, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za mabomu, juu ya kijiji chetu cha Skendby. Mimi niliamini kwamba Thirza alikitunza kwa ajili ya mwanamume mwingine. Sikutaka kumpelekea.

Thirza alikuwa binti wa mchunga kondoo. Kwetu wachunga kondoo hawahesabu kama shuleni. Wanasema yan, tan, tethera, pethera, pimp, wanakwenda hivyo mpaka ishirini, ambayo ni figit. Ukifika figit unatia kokoto moja mfukoni, unaanza tena yan. Jioni unahesabu kokoto. Thirza hakusoma kunishinda, na mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili. Lakini katika hesabu ile sikumwona akikosea. Alihesabu mayai, ngazi, watu kanisani, midomo ikimcheza kidogo. Siku ya harusi yetu nilimwona anahesabu.

"Wangapi?" nikamwuliza.

"Kokoto mbili na tan," akasema. "Na hao tan, hao wawili, hakuna aliyewaalika."

Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, mzito wa kueleza. Mimi pia si mtu wa maneno. Nyumba yetu ilikuwa kimya, na nilidhani ni kimya kizuri.

Vita vilipoanza uwanja ule ulikuwa nyasi tupu. Jabez, baba yake, aliruhusiwa kulisha kondoo pale ili nyasi zisirefuke, na Thirza alimpelekea chai, yeye na askari. Baadaye wakamwaga zege, zikaja ndege kubwa. Mimi nilibaki shambani, kwa sababu nchi ilihitaji kula. Ndege ziliondoka jioni zikarudi alfajiri, na kijiji kizima kilihesabu. Hakuna aliyetuambia tuhesabu. Ulikuwa ukiamka kukamua ng'ombe unajikuta unahesabu.

Jioni moja, mwaka wa arubaini na tatu, ziliondoka ishirini, alfajiri zikarudi kumi na tisa. Ile ya ishirini ilikuwa na kijana aitwaye Desmond, mpiga bunduki wa mkiani. Alikuwa akija nyumbani kwa Jabez na chokoleti. Nilipita na mkokoteni wa samadi nikamwona Thirza amesimama kwenye ua wa waya, ameshika barua. Nilipita tena saa sita, yupo palepale.

Nilimwoa mwaka wa arubaini na tano. Barua ile sikumwuliza.

Mwaka uliofuata askari waliondoka, uwanja ukaachiwa sungura. Watu hatukuwa na nyumba. Tulikuwa tunalala kwa wazazi, watano chumba kimoja. Basi familia kumi na moja tukapanda na mikokoteni, tukaingia vibanda vya askari bila kumwomba mtu. Vilikuwa vya mabati yaliyokunjwa kama pipa lililopasuliwa katikati. Halmashauri walikuja, wakatazama, wakaondoka wakisema watarudi.

Mimi nilichagua kibanda kizuri, karibu na bomba la maji, chenye jiko. Thirza alikataa. Alitaka cha mwisho kabisa, chenye upepo, peke yake mwisho wa njia ya ndege.

"Kile hakina hata jiko," nikamwambia.

"Utalihamisha."

Nililihamisha. Siku hiyohiyo akapanda nanaa nje ya ukuta, kitalu kirefu chembamba, hatua ishirini kwa mbili. Hakutumia jembe. Alitoboa kwa kijiti. Akazungushia kamba.

"Hapa hapachimbwi," akasema. "Asipite mtu na jembe, asiwashe mtu moto. Jina lake Figit."

"Kwa nini Figit?"

"Walihesabu kumi na tisa," akasema. "Figit bado."

Basi, nikaelewa. Kumi na tisa zilirudi, ya ishirini bado. Nilijua kuhesabu, sikuhitaji kuelezwa. Na alilala upande wa ukuta ule, upande wa baridi, karibu na nanaa yake. Nilimwambia abadilishe, akakataa. Rhoda wetu alipozaliwa kitanda chake kikawekwa upande wangu, dirishani, mbali na ukuta. Hilo pia alilipanga yeye.

Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na kokoto. Jeupe, kubwa kama yai la njiwa. Alihama nalo kutoka aproni moja hadi nyingine. Siku moja nikifua nilitupa kokoto lile uwanjani. Thirza alitoka kwenye mvua akapiga magoti, akatafuta mpaka akalipata. Nilimtazama kupitia dirisha. Nilimwonea uchungu yeye, nikamchukia Desmond.

Lililoniumiza zaidi ni mwaka wa hamsini na tatu, malkia alipotawazwa. Kila kijiji kiliwasha moto mkubwa. Sisi wa vibandani tukakusanya mbao, matairi, vitanda vibovu, tukavirundika mwisho wa njia ya ndege, kwa sababu pale ndipo juu, moto ungeonekana mpaka baharini. Rundo lilifika karibu na kamba ya Figit. Jioni watu wamejaa, watoto wana bendera, Clem Towle ameshika mwenge. Thirza akapanda juu ya rundo akaketi.

"Shuka, mama," Clem akasema.

"Sogezeni."

"Tumelijenga siku nne."

"Mtasogeza siku moja."

Watu wakacheka. Clem akanigeukia. "Bwana Enoch, mwambie mkeo marehemu wake haoni baridi huko aliko."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua marehemu yupi. Nilikwenda nikamshika Thirza mkono, nikamvuta kwa nguvu. Hakushuka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Enoch, nitukane utakavyo, lakini hapa hapawashwi." Wakasogeza rundo nusu njia, wakinung'unika, na moto wenyewe ukawaka vibaya. Sikusema naye kuanzia mwezi wa sita mpaka mavuno yalipoisha. Alinipikia kila siku. Nilikula, nikaweka sahani, nikatoka.

Mwaka wa hamsini na nane tulipewa nyumba kijijini, vibanda vikabomolewa. Uwanja ukarudi kwa mkulima. Alijenga mabanda ya kuku juu ya zege, akaacha ncha ile iote magugu. Thirza alipanda kilima kila siku na mkasi, akarudi na nanaa. Jumapili tulikula nyama ya kondoo na nanaa ya Figit. Miaka arubaini nilikula nanaa ile, na kila nilipoimeza nilimmeza Desmond.

Sasa mwaka huu, mwezi wa kumi, mkulima aliuza zege livunjwe likatengeneze barabara. Likaja tingatinga lenye kijiko. Nilisikia likifanya kazi kilimani nikawaza, wakifika Figit nitakuwa nimesamehewa ahadi. Niliwaza hivyo kweli. Saa nne asubuhi likanyamaza.

Dereva aliteremka kilima kwa miguu, polepole, tingatinga ameliacha palepale. Alisema kijiko kiligusa chuma ukingoni mwa nanaa. Alikuwa mweupe kama chokaa. Adhuhuri kijiji kilikuwa kimejaa askari, na sisi tukaambiwa tutoke, tuchukue dawa na blanketi tu. Nilichukua dawa, blanketi, na Thirza.

Kwenye ukumbi tulikopelekwa, sajini mmoja kijana, Pask, alikuwa akiwauliza wazee nani aliishi kule juu. Nikainua mkono.

"Kibanda kipi, mzee?"

"Cha mwisho."

Akatoa ramani akaniwekea kidole. "Hiki?"

"Hicho."

Akakaa chini mbele yangu. "Mzee, mwaka wa arubaini tuliogopa adui atashuka na ndege zake kwenye viwanja vyetu. Askari wakasukuma mabomba ya chuma ndani ya ardhi, kwa mshazari, kila moja futi sitini, yamejaa baruti. Adui akishuka, uwanja unalipuliwa. Hakushuka. Vita vilipoisha wakayatoa." Akapiga karatasi kwa kidole. "Hapa imeandikwa, yaliwekwa kumi na tisa, yakatolewa kumi na tisa. Imetiwa sahihi."

"Kumi na tisa," nikasema.

"Kumi na tisa. Lakini kuna moja chini ya nanaa ile, zima, na baruti yake imetoka jasho. Hilo jasho ndilo baya. Jembe linatosha kuliamsha."

"Na moto? Moto mkubwa juu yake?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kwa nini nauliza. "Tusingekuwa tunazungumza, mzee."

Mtungi ulikuwa mapajani. Niliushika kwa mikono miwili.

Nilipelekwa kwa Kezia, mdogo wake Thirza, kijiji cha pili. Hakuwahi kuolewa. Ana miaka sabini na mitatu na ulimi wa wembe. Alinifungulia mlango akaona mtungi.

"Bado hujampeleka," akasema. "Miezi minane, shemeji. Hata paka huzikwa upesi."

"Kezia, kuna bomba la baruti Figit."

Hakushtuka. Alikwenda kuweka birika motoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Limeonekana, basi," akasema.

"Ulijua."

"Tangu arubaini na sita. Kaa."

Nikakaa. Akaniambia akiwa amenipa mgongo, anakata mkate. Mwaka wa arubaini Thirza alikuwa na miaka kumi na saba, kila siku anapeleka chai, na kila bomba lililoingia alilihesabu, yan, tan, tethera, kwa mazoea tu. Siku ya mwisho alifika figit. Akaokota kokoto jeupe akatia mfukoni. Vita vilipoisha askari wengine walikuja kuyatoa. Akasimama akahesabu tena. Wakitoa figit nzima, ishirini, kokoto hurudi chini. Wakaishia pethera-bumfit, kumi na tisa, wakaanza kufunga vyombo. Kokoto likabaki mfukoni.

"Alimwendea ofisa," Kezia akasema. "Akamwambia, bwana mkubwa, limebaki moja, lipo pale. Ofisa akatazama karatasi yake. Akamwuliza umehesabuje? Akamhesabia. Yule bwana alicheka mpaka akajishika mbavu. Akawaita wenzake, akamwambia arudie. Yan, tan, tethera. Wakacheka wote. 'Binti, hizo hesabu za kondoo.' Alirudi nyumbani masikio yamewaka."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningesema."

"Ndiyo. Ungesema. Na halmashauri walikuwa wanatafuta sababu ya kuwatoa. Familia kumi na moja, msimu wa theluji, mngekwenda wapi? Alipiga hesabu. Akaona bora akae juu yake alilinde."

"Na mtoto? Kezia, Rhoda alilala pale. Alijifunza kutembea pale. Alimlaza mwanangu juu ya baruti miaka yote hiyo."

Kisu kikasimama. "Hilo lilimla," akasema. "Mlipohamia kijijini alikwenda ofisi yao mara mbili. Wakafungua karatasi. Kumi na tisa. Mara ya pili mlinzi alimsindikiza mlangoni. Baadaye akaona haya. Alisema Rhoda akijua hatamsamehe, na wewe hutamsamehe. Akanyamaza, akawa anakwenda kukagua kila siku. Yule hakuwa anakwenda kuchuma nanaa, shemeji. Nani anahitaji nanaa kila siku?"

Chai ilipoa mbele yangu. Nilikuwa namwona juu ya rundo la mbao, na mkono wangu ukimvuta.

"Mimi nilidhani ni Desmond," nikasema.

Kezia akageuka. "Desmond gani?"

"Wa ndege ya ishirini. Figit. Alisimama uani siku ile na barua yake."

Akaweka kisu mezani. "Ile barua ilikuwa yangu," akasema. "Desmond alikuwa wangu, shemeji. Baba angenipiga, nilikuwa na miaka kumi na minane, kwa hiyo Thirza alibeba barua. Siku ile alibaki nayo kwa sababu hakukuwa na wa kumpa." Akaketi. "Miaka hamsini ulidhani hivyo?"

"Ndiyo."

"Ulimwuliza hata siku moja?"

"Sikumwuliza."

"Basi," akasema. Akanisogezea mkate.

Niseme kweli, sikutulia kwa kujua. Nilikasirika zaidi. Wivu nilikuwa nimeuzoea, unakaa nao kama jino bovu. Hili lilikuwa jipya. Mwanamke niliyelala naye alikuwa amelala na baruti upande wa pili, na mtoto wangu ndani ya chumba, na asubuhi alikuwa akinipa uji na kuniuliza kama nimelala vizuri. Nilimwambia Kezia simpeleki Figit sasa, hata pakiwa salama. Nitamweka kaburini kwa baba yake, kwenye kanisa.

Walililipua kesho yake saa tisa alasiri. Tulisimama na watu kwenye mteremko wa kanisa la kijiji cha Kezia, maili moja kutoka uwanjani. Redio ya askari ilianza kuhesabu kurudi nyuma. Mimi bila kujijua nilikuwa nahesabu kwenda mbele, yan, tan, tethera. Nilikuwa nimefika bumfit, kumi na tano, ardhi iliponiruka chini ya viatu. Uwanja uliinuka. Kweli uliinuka, udongo na zege na mabati ya banda la kuku, ukasimama hewani, halafu mlio ukatufikia, vioo vya kanisa vikalia. Mzee Clem Towle, anayetembelea fimbo mbili, alikuwa karibu yangu. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa anatazama pale alipotaka kutia mwenge. Akageuza macho akanitazama mimi, na machozi yakamtoka bila sauti.

Nikaendelea kimoyomoyo mpaka figit.

Kisha harufu ikateremka kilimani. Nanaa. Kijiji kizima kilinuka nanaa.

Jioni Rhoda alipiga simu. Anakaa mbali, kusini. Alikuwa ameona habari kwenye televisheni.

"Baba, wanasema ni Skendby. Wanaonyesha mahali petu."

Nikamwambia yote. Sikupamba, sijui kupamba.

"Baba," akasema, "lilikuwa upande gani wa kibanda?"

"Upande wa ukuta. Wa nanaa."

"Kitanda changu kilikuwa wapi?"

"Dirishani. Upande wangu."

"Na mama alilala wapi?"

Nilikiona chumba chote. Dirisha, kitanda cha Rhoda, mimi, halafu Thirza, halafu ukuta.

"Baba?"

"Alilala katikati," nikasema. "Kati yetu na lile bomba."

Nilimsikia analia. Mwili ule mfupi ungezuia nini? Futi sitini za baruti. Asingezuia kitu, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alilala pale miaka kumi na miwili, upande wa baridi, na mimi nikimsonya.

Asubuhi Sajini Pask alituruhusu kupita. Nilikwenda na Kezia. Pale palipokuwa Figit kuna shimo unaloweza kuingiza nyumba. Ukingoni mashina ya nanaa yalikuwa yamelala mizizi juu. Kezia aliketi kwenye kipande cha zege kupumzisha goti. Mimi niliteremka mpaka chini. Nilifungua mtungi nikamwaga, polepole, hakukuwa na upepo. Alisema nisichimbe, na sikuchimba, palikuwa pameshachimbwa.

Kokoto nilikuwa nalo mfukoni. Tulipopita nyumbani nililikuta kwenye aproni yake ya mwisho, imetundikwa nyuma ya mlango, sikuwa nimeigusa tangu mwezi wa pili. Nikasema figit, kwa sauti, nikaliachia.

"Umemaliza?" Kezia akaniita kutoka juu.

"Nimemaliza."

"Basi panda, shemeji, kabla hujanisababisha nishuke kukubeba."

Nilipanda kwa mikono na magoti. Njiani niliokota shina moja la nanaa lenye mizizi, nikalitia kwenye mtungi.